Nishikie Mtoto

Mwaka ule wa 1968 hapakuwa na mchinjaji katika mji wa Nanyuki aliyependa magazeti kama Diriye, na wala hakujua kuyasoma. Aliyapenda kwa kufungia nyama. Basi siku tangazo lake lilipochapishwa, wenzake wa sokoni walimtania kwamba sasa jina lake litaingia kila jikoni likiwa limefunga matumbo. Diriye alicheka nao mpaka machozi yakamtoka, akanunua nakala kadhaa, na moja akaibandika ukutani juu ya mizani. Kila mteja aliyejua kusoma aliombwa alisome kwa sauti kabla ya kupimiwa.

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Lilisema kwamba Diriye Warsame, mchinjaji wa Nanyuki, zamani wa Timau, ameomba yeye na mkewe Hodo wafanywe raia wa Kenya, na kwamba mtu yeyote anayejua sababu ya kuwanyima uraia huo aiandike na kuipeleka serikalini. Walikuwa karibu kumaliza. Mtihani wa Kiswahili walikwisha upita. Diriye alitakiwa aeleze kazi yake, akamchinja mbuzi kwa maneno, akamchuna, akamtundika, na alipofika kwenye maini mtahini akamwambia inatosha. Hodo aliulizwa bei ya maziwa, akambana yule bwana mpaka naye akasahau kwamba hakuja kununua. Pasipoti ya zamani, aliyoipata Diriye kwa Mwingereza kule Hargeisa, walikuwa wameikabidhi. Kilichobaki ni kwenda Nyeri kula kiapo.

Na uraia waliuhitaji kwelikweli. Sheria mpya ya biashara ilikuwa imetoka, na duka la asiye raia lilikuwa duka la kungoja kufungwa. Tena vita vya kule mpakani vilikuwa vimeisha majuzi tu, na Msomali yeyote, hata aliyeuza nyama Nanyuki tangu Wazungu wako mashambani, aliweza kuitwa shifta, mwasi wa mpakani, na mtu anayekula nyama yake kwa mkopo. Diriye alikwisha shushwa kwenye basi mara nyingi kuliko alivyopenda kusimulia nyumbani, akavuliwa viatu, akasimamishwa matopeni huku abiria wenzake wakimtazama kupitia dirishani. Alitaka karatasi ya kumwonyesha askari. Kwa hilo nani angemlaumu?

Hodo peke yake ndiye aliyelichukia tangazo. Kila mteja alipofika pale pa "mtu yeyote anayejua", alijitia kunoa kisu. Maana jambo la kujua lilikuwapo, nalo lilikuwa nyuma ya duka wakati huohuo, limeinamia hesabu za darasa la saba na kutafuna ncha ya penseli. Jina lake lilikuwa Sadiyo, na Hodo hakumzaa.

Alimpata Timau wakati wa Hali ya Hatari, Mwingereza akipigana na Wakikuyu wa msituni, siku ambazo Hodo aliuza maziwa kwenye kambi za vibarua wa pareto, mwanawe Shire akiwa bado mchanga mgongoni. Asubuhi moja alikuta askari wanawapakia wanawake wa Kikuyu kwenye lori. Mmoja wao, mteja wake, msichana tu kwa umri, alivunja mstari akamsukumia kitoto mikononi. "Nishikie mtoto," alisema. "Nitakuja." Na Hodo, bila hata kufikiri, akamjibu, "Wewe enda. Niko naye." Yule mwanamke aliendelea kutazama nyuma mpaka lori likakata kona. Kabla jua halijawa kali Hodo alikuwa ameketi chini, Shire ziwa hili, yule mgeni ziwa lile.

Askari walipokuja kuuliza, Diriye alisema ni pacha, akampa mtoto jina lake, kwa sababu siku zile mtoto wa Kikuyu angeng'olewa katika nyumba ya Msomali na kupelekwa kusikojulikana. Shehe wao alimwonya. Maziwa yamemfanya mtoto wa nyumba, alisema, ndugu wa Shire asiyeweza kuolewa naye, lakini jina la baba si kitu cha kugawa. Hatari ikipita mrudishieni la kwake. Hatari ilipita, shehe akafa, wao wakahamia Nanyuki, na jina likabaki palepale. Mwenyewe Sadiyo hakujua neno.

Ijumaa moja, Diriye akiwa msikitini, aliingia dukani mwanamke mwenye kiondo kipya, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa uangalifu, viatu amevishika mkononi visichafuke. Aliomba robo ya nyama. Hodo alimpimia, akafunga, akamnyooshea. Mwanamke hakupokea. Alikuwa akiliangalia lile gazeti ukutani kwa namna ya mtu asiyejua kusoma lakini anayejua kilichoandikwa.

"Hii ndio duka ya Diriye wa Timau?" aliuliza.

"Ndio hii."

"Na wewe ndio ulikuwa unauza maziwa kwa kambi ya pareto?"

Hodo aliitambua sauti kabla ya uso. Uso ulikuwa umechakaa mapema, lakini sauti ilikuwa ileile ya asubuhi ya lori. Mikono yake ikaanza kufanya kazi bila yeye, ikafungua nyama, ikaifunga, ikaifungua tena.

Mgeni alijieleza taratibu, kama mtu aliyefanya mazoezi njia nzima. Aliitwa Kagure. Aliishi Gatitu, pale ukingoni mwa mji wa Nyeri, akiuza mboga. Alipotoka kizuizini alirudi Timau akakuta shamba limeuzwa na Wasomali wamehama, akaambiwa wamekwenda kwao, mbali, ng'ambo ya mpaka. Mumewe alifia msituni, naye hakuolewa wala kuzaa tena. Sasa huko Gatitu jirani yake Theuri, mwenye duka, huwasomea watu gazeti jioni, na Theuri ni mtu asiyeruka kitu, hata tangazo la mbuzi aliyepotea hulisoma mpaka mwisho. Jioni alipolisoma tangazo hili ndipo Kagure akasikia jina alilokuwa akiliulizia miaka yote.

"Sijakuja na maneno, mama," alisema Kagure. "Ati wamesema mtu akiwa na neno aandikie serikali. Mimi sina neno. Nataka tu kujua. Ule mtoto wangu, Ngendo, ako wapi?"

Nyuma ya pazia Sadiyo alikuwa akikariri majina ya mito kwa sauti ya chini. Hodo alisikia kila mto. Hakuwahi hata kujua kwamba mtoto aliitwa Ngendo. Hapakuwa na nafasi ya kuambiana majina siku ile.

"Alikufa," alisema.

Neno lilitoka lenyewe, na lilipotoka likataka wenzake. Hodo akasema surua. Akasema mtoto alikuwa bado mdogo, kwamba walimzika hukohuko Timau kwa desturi yao, bila jiwe wala msalaba, na kwamba hata yeye mwenyewe leo hawezi kupajua mahali penyewe. Kadiri alivyoongeza ndivyo ilivyokuwa rahisi, na ndivyo alivyojichukia.

Kagure aliketi kwenye benchi ya wateja, kiondo mapajani. Kisha akauliza, "Alilia sana?"

"Hakulia. Alilala tu."

"Basi ni vizuri."

Pazia likafunguka. Katika nyumba ile mgeni akiketi analetewa chai, na Sadiyo hakungoja kuitwa. Alikuwa amejitanda ushungi wake, ananukia iliki na moshi, akampa Kagure kikombe kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Hodo alishika ukingo wa meza ya kukatia nyama. Alingoja dari limwangukie, na dari likakaa mahali pake. Kagure alipokea chai, akamshukuru msichana, akamwuliza amefika darasa gani, na alipojibiwa akamwambia, "Soma sana, maitu," kama Wakikuyu wanavyowaita "mama" wasichana wa watu. Akanywa chai yote. Kisha akasimama, akaacha kiondo juu ya meza.

"Hii nilisukia mwenye alinishikia mtoto," alisema. "Ulimwosha, ukamzika. Mimi singeweza. Chukua, mama, usikatae."

Akatoka akiwa ameisahau nyama yake. Sadiyo ndiye aliyeiona, akainyakua na kumkimbilia barabarani kabla Hodo hajamzuia. Kutoka mlangoni Hodo alimwona Kagure akipokea ile karatasi ya nyama, akiweka mkono juu ya kichwa cha msichana kwa kumbariki, na kuondoa mkono, na kwenda zake.

Hakumwambia Diriye. Alijiambia atamwambia baada ya kiapo. Mume aliporudi toka msikitini akauliza kiondo kizuri namna hiyo kimetoka wapi, alisema kimeletwa na mteja, na kwa hilo hakusema uwongo. Sadiyo alikipenda siku hiyohiyo. Aliomba akitumie kubebea vitabu, na Hodo alipekua kichwa chake chote asipate sababu ya kumkatalia. Basi kila asubuhi kilitoka mlangoni begani mwa mtoto, na kila jioni kikarudi, na Hodo hakuweza kula vizuri tena.

Siku ya Nyeri walimwachia Shire duka wakaenda watatu. Sadiyo alichukuliwa kwa sababu alijua Kiingereza, awasomee lolote litakalowekwa mbele yao. Kwenye benchi ya nje mwanamume mmoja aliyevaa tai alisogea walipoketi, akapepea pua kwa kofia yake, ingawa Diriye alikuwa ameoga kama bwana harusi. Diriye alijifanya hakuona. Mapajani alikuwa na Msahafu wake, umefungwa kitambaa cheupe. Hakutaka kuapa kwa wa ofisi, usiojulikana umeshikwa na nani.

Ofisa aliyewaita alikuwa Bwana Nehemiah Wandera, mtu wa kule magharibi, mnene, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alimwita Diriye mzee na kumpa kiti, jambo ambalo halikuwa limemtokea Diriye katika ofisi yoyote mpaka siku hiyo. Diriye alipoomba maji ya udhu kabla ya kugusa Msahafu, Wandera hakunung'unika. Bomba liko nyuma, alisema, nanyi msikimbizane, mimi ni wenu asubuhi hii.

Bombani mke na mume walikuwa peke yao, wakazungumza Kisomali chao.

"Akiuliza habari ya Sadiyo nitasema kweli," alisema Diriye huku akiosha miguu.

"Hatauliza."

"Jina langu liko kwenye karatasi za shule yake, na mimi nitakuwa nimeweka mkono juu ya Msahafu. Wakati ule nilimdanganya mtu mwenye bunduki. Huyu hana bunduki, Hodo. Amenipa kiti."

"Basi sema kesho. Leo apa kwanza, kesho useme."

"Kesho nitakuwa nimekwisha apa."

Alilisema bila ukali, kama mtu aliyelipima jambo hilo siku nyingi na kulichoka. Hodo akaita, "Diriye," akidhamiria kummwagia yote, Ijumaa ile, chai, kiondo. Diriye akageuka, maji yakimchuruzika ndevuni, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Hodo hakuwa ameiona tangu duka lifunguliwe. Akashindwa. Aliinama bombani naye akanawa, na mdomo aliusukutua mara nyingi kuliko inavyotakiwa.

Waliporudi ndani Hodo alimwambia Sadiyo akangoje nje. Wandera akamzuia kwa wema wake wote. "Mwache akae, mama. Huyu ndiye msomi wenu. Siku moja ataambia watoto wake, niliona baba yangu akiwa raia." Sadiyo alitabasamu, akaketi pembeni, kiondo magotini chenye karatasi zote za nyumba.

Wandera alisoma maelezo yao moja moja, na kila moja Diriye akaitikia, mkono wake mkubwa umetulia juu ya Msahafu. Mahali alipozaliwa, ndiyo. Kazi, ndiyo. Hajawahi kufungwa, ndiyo. Kisha Wandera akageuza ukurasa.

"Watoto, Shire Diriye na Sadiyo Diriye, pacha. Hawa ni watoto wako wa kuzaa, mzee?"

Diriye alivuta pumzi. "Shire nimezaa," alisema. "Huyu msichana sijazaa. Ni mtoto ya maziwa. Mke yangu amemnyonyesha, mimi nimelea yeye, na nampenda kama macho yangu. Lakini damu si yangu, na hapa siwezi kudanganya."

Sadiyo alicheka kidogo. Alidhani Kiswahili kimempotea baba yake kwa ajili ya woga, na alikuwa tayari kumsaidia kutafuta neno. Akamtazama mama yake wasaidiane kucheka. Alichokiona usoni mwa Hodo kilimfanya akae sawasawa kwenye kiti.

Wandera aliweka kalamu chini. Diriye akamsimulia lori, kambi ya pareto, askari waliokuja kuuliza, shehe aliyemwonya. Alisimulia akimwangalia ofisa, maana hakuweza kumwangalia mtoto. Alipomaliza, Wandera alisema kwamba kwa uwongo wa siku zile yeye hatamshika mtu. Jina litasahihishwa. Na huyu msichana hahitaji kiapo chochote, aliongeza, kwani amezaliwa hapa na watu wa hapa. Alikuwa raia kabla yenu nyote wawili.

"Na mama yake?"

"Mungu ndiye anajua," alisema Diriye. "Hatujaona yeye tena."

Wandera aliandika hivyo. Halafu akausogeza Msahafu upande wa pili wa meza, taratibu, kwa ncha za vidole juu ya kitambaa.

"Na wewe, mama. Haya yote mzee amesema, ni kweli?"

Hodo aliweka mkono. Ulikuwa bado na unyevu wa bomba. Ule uwongo wa dukani aliusema kwa mikono yenye damu ya ng'ombe, na ulitoka kama maji. Huu ulitaka neno moja tu, ndiyo, na neno halikupanda. Maisha yake yote hakuwahi kuapa. Kwao, mamake aliwaambia kwamba anayeapa uwongo juu ya Kitabu hufiwa na watoto nyumbani mwake. Akafikiri, nyumba yangu itabaki tupu nikisema, na itabaki tupu nisiposema. Alitamani mtu amwonyeshe njia ya tatu, na mle chumbani hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

"Si yote," alisema. "Mzee hajui. Mama yake alikuja. Ijumaa, kwa duka. Anaitwa Kagure, anakaa hapa Gatitu. Mimi nilimwambia mtoto alikufa."

Chumba cha pili mtu alikuwa akipiga taipu, akaendelea kupiga. Diriye alimgeukia mkewe akamtazama kama anayemtafuta katika watu wengi. Ni Sadiyo aliyesema wa kwanza, kwa Kisomali, sauti ndogo sana.

"Yule niliyempa chai?"

Hodo alikubali kwa kichwa.

"Nilimkimbilia na nyama yake."

"Ndiyo, mwanangu."

"Aliniambia nisome." Sadiyo aliangalia kiondo magotini mwake, akaondoa mikono juu yake kama kimekuwa cha mtu. Hakulia. Hodo alitamani alie, kwa sababu mtoto anayelia mtu hujua la kumfanyia.

Kiapo kilimalizwa. Diriye aliahidi kuwa mtiifu kwa Jamhuri ya Kenya kwa sauti ambayo Wandera ilimbidi ainamie meza kuisikia. Hodo naye aliahidi. Wandera akapiga mihuri, akawashika mikono wote wawili, na kwa mazoea tu, maana ndivyo alivyowaambia watu wote, akasema, "Sasa mko nyumbani." Akajisikia vibaya papo hapo, akaanza kupanga faili zilizokuwa zimepangwa.

Hadi Gatitu walikwenda kwa miguu. Sadiyo alitangulia, akiulizia njia kwa Kikuyu alichojifunza kwa wenzake wa shule, na watu wakamwelekeza bila kushangaa. Diriye alimfuata, cheti kipya mfukoni mwa koti. Neno moja tu alimwambia mkewe njia nzima. "Ungeniambia," alisema. Hodo alitembea nyuma yao akitazama visigino vya mtoto.

Kagure walimkuta mbele ya nyumba yake ya mbao, akifunga mafungu ya sukuma wiki. Hakuwa na kitambaa, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chote. Hodo alikuwa ameishi na Wakikuyu miaka ya kutosha kujua maana yake. Mwanamke alikuwa amerudi nyumbani siku ile ya Ijumaa akanyoa, akamlilia mtoto aliyemletea chai. Hodo akashika nguzo ya ua.

Kagure alikiona kiondo kwanza. "Mbona mnanirudishia?" aliuliza, akijifuta mikono. "Nilipeana na roho safi."

"Hakufa," alisema Hodo. "Nilikudanganya. Ni huyu."

Kagure hakupiga kelele. Alimtazama msichana, akamtazama Hodo, akamtazama tena msichana, na sukuma wiki zikamwanguka moja moja. Alisogea polepole, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege. Akaweka mkono juu ya kichwa cha Sadiyo kama alivyouweka barabarani, na safari hii hakuuondoa. Halafu mabega ya mtoto yakaanza kutikisika, na Kagure akamvuta kifuani, akamwita Ngendo, Ngendo, akilijaribu jina ambalo hakuwa na mtu wa kumwita kwalo tangu ujana wake.

Muda ulipita. Theuri mwenye duka alitoka nje, akaona, akarudi ndani, na kwa mtu wa namna yake hiyo ilikuwa heshima kubwa. Hatimaye Kagure akamwangalia Hodo juu ya bega la msichana. Hakuwa na hasira, na Hodo angeshukuru kama angekuwa nayo.

"Mimi nilikuja kumwona tu," alisema. "Ungeniambia ako, ningekunywa ile chai nirudi. Ningekuja Krismasi nimwone, nirudi. Sikuwa nakuja kumchukua, mama. Mtoto amenyonya kwako, ningemchukua namna gani?"

Hodo alisikia kila neno na kujua kwamba atayasikia maneno hayo mpaka anakufa. Hata ushungi uliokuwa kichwani mwa mtoto, Hodo ndiye aliyeupindia kingo. Alichoogopa hakikuwapo, na sasa kipo, na amekileta kwa mkono wake.

Sadiyo alijipangusa uso. Alipozungumza hakutumia Kisomali, lugha ya nyumbani. Alitumia Kiswahili, kama anavyozungumza mtu na jirani.

"Mimi nitakaa hapa," alisema. "Mama Shire, mtaniletea vitabu vyangu."

Tangu aanze kusema, Sadiyo alimwita Hodo *hooyo*, mama. Mama Shire ndivyo walivyomwita wateja. Hodo alipokea jina hilo bila kubadilika uso, kama mtu anayepokea alichokiagiza. Diriye alianza kusema habari za mtihani na mwalimu, akaacha katikati. Akasema atavileta mwenyewe, vyote, na penseli. Alimwekea msichana mkono begani, na Sadiyo akaushika kidogo mkono huo kabla ya kuuachia. Baba alikuwa amesema kweli. Kwake hakuwa na kinyongo.

Baridi ya mlimani ilikuwa imeanza kushuka. Hodo alivua shali yake ya sufi, akamzungushia mtoto mabegani, akaikaza shingoni kama alivyomfanyia kila asubuhi ya shule. Sadiyo alisimama wima akaacha afungwe. Hakusaidia, hakukataa, na macho yake yalikuwa kwenye mafungu ya mboga. Hodo alitaka kumwomba msamaha, lakini alijua kwamba mtoto angelazimika kujibu, na Hodo hakuweza kulisikia jibu lake. Akamgeukia Kagure.

"Nishikie mtoto," alisema. "Nitakuja."

Kagure aliyajua maneno hayo. Alikuwa ameyabeba kwenye lori, na kizuizini, na katika miaka yote ya mboga. Alimtazama mwanamke aliyemnyonyeshea mtoto na kumwulia mtoto kwa maneno, mwanamke mmoja huyohuyo.

"Wewe enda," alisema. "Niko naye."

Diriye na Hodo waliteremka kuelekea barabarani, raia wawili wa Kenya, mmoja mbele na mwingine nyuma. Hodo alikuwa ameazimia kutotazama nyuma. Walipofika konani alitazama. Sadiyo alikuwa amekwisha ingia ndani. Kagure peke yake ndiye aliyekuwa bado amesimama uani, kichwa kitupu, ameinua mkono.